Msumeno wa Nakshi na Ramani ya Vipande 31

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaeleze wasomaji habari za kazi tuifanyayo katika karakana ya mbao kila Jumamosi baada ya usafi, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu mmeiona ile ramani ya mbao iliyomo katika chumba cha Jiografia, mkaniuliza ilikatwaje. Pili, wengine mmesikia ya kwamba ramani hiyo ilikatwa mara mbili, na kila mtu anasimulia kisa hicho kwa namna yake. Basi afadhali nikisimulie mwenyewe, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nitaanza na somo la msumeno, kisha nitafika kwenye kosa. Maana asiyeujua msumeno huu hawezi kuelewa kwa nini kosa lile lilikuwa zito.

1. MSUMENO WENYEWE

Msumeno aujuao kila mtu ni ule mpana, wa kukata mbao kwa mstari ulionyoka. Huo hauwezi kupinda kona. Msumeno wa nakshi ni mwingine kabisa. Ulimi wake, ambao mafundi huuita bledi, ni mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, na urefu wake ni inchi 5 tu, yaani kama sentimita 13. Bledi hiyo hushikwa ncha zote mbili, juu na chini, ikavutwa mpaka ikakaza kama uzi wa zeze. Kwa kuwa ni nyembamba, yaweza kuzunguka kona ndogo sana, hata ukakata herufi, jani, ndege, au mpaka wa nchi.

Misumeno hii iko ya namna mbili. Wa kwanza ni wa mkono: ni fremu ya chuma yenye umbo la herufi U, pamoja na mpini. Wa pili ni wa mashine ya umeme. Katika mashine kuna mikono miwili, mmoja juu ya meza na mmoja chini yake, nayo huipandisha na kuishusha bledi mara nyingi sana. Mashine nyingi huanzia kama mara 400 kwa dakika, na zikiongezwa mwendo hupita mara 1,500. Kila mara bledi husafiri kiasi cha robo tatu ya inchi tu. Karakana yetu inayo mashine moja na misumeno miwili ya mkono, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: msumeno wa kawaida huusogeza juu ya ubao, lakini katika mashine hii msumeno hauendi popote. Ubao ndio uendao. Fundi huushika kwa mikono miwili, akausukuma na kuugeuza taratibu mbele ya bledi. Mwanafunzi anayesahau jambo hili huishindilia bledi kwa nguvu, nayo hukatika.

Kazi ya msumeno huu isichanganywe na kazi ya kuchonga. Milango mashuhuri ya Unguja na Lamu imechongwa kwa patasi, nakshi ikabaki juu ya uso wa ubao. Msumeno wa nakshi hutoboa ubao upande wa pili, hata mwanga ukapita. Atembeleaye Mji Mkongwe wa Unguja na alitazame jengo la zahanati ya kale lililo mbele ya bandari, ambalo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1894. Roshani zake zimepambwa kwa mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha darizi. Akiyalinganisha hayo na mlango uliochongwa wa nyumba ya jirani, tofauti ya kazi hizi mbili ataiona mara moja.

2. KUFUNGA BLEDI

Bledi ifungwe meno yakimtazama fundi, na ncha za meno zikielekea chini. Ukiifunga meno yakielekea juu, kila ipandapo itaunyanyua ubao kutoka mezani, nao utarukaruka na kukugonga vidole. Njia rahisi ya kujua ni kupitisha kipande cha kitambaa juu ya meno kutoka chini kwenda juu. Kikinaswa, meno yanaelekea chini, na ndivyo itakiwavyo.

Kisha kaza. Bledi iliyolegea hupinda ndani ya mbao, na kipande hutoka na ukingo wa mshazari. Juu chaonekana sawa, kumbe chini kimeliwa. Bledi iliyokazwa kupita kiasi nayo hukatika. Ipige kwa kucha: ikilia kwa sauti nyembamba na safi, inatosha. Ikitoa sauti nzito kama ya kamba iliyolowa, kaza tena.

Liko jambo jingine linalowashangaza wote waanzao. Bledi haikati mbele moja kwa moja. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na makali zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili, kwa hiyo huvuta kidogo upande ule wenye makali. Mara ya kwanza nilidhani meza ya mashine imepinda, nikaanza kuilegeza. Fundi wetu akacheka, akasema, "Iache meza. Usipigane na bledi, elekeza ubao mshazari kidogo tu, itafuata mstari wako." Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kazi yenyewe, hukata kwanza mstari mmoja kwenye kipande kibovu ili niijue tabia ya bledi niliyoifunga.

Bledi hutajwa kwa namba. Namba ndogo ni nyembamba, na namba kubwa ni nene. Kwa plaiwudi ya milimita 3, namba 2 au 3 yafaa. Kwa ya milimita 6, namba 5. Kwa ubao mgumu wa inchi moja, kama mninga, namba 7 au 9.

3. UBAO NA MCHORO

Kila ubao una nyuzi, nazo hufuata urefu wa mti. Ubao una nguvu kwa kufuata nyuzi, lakini ni dhaifu mahali zilipokatwa fupi. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilikata twiga kwa ubao wa msonobari. Nyuzi nilizilaza kufuata mgongo, na miguu minne ikawa inakingama nyuzi. Twiga huyo hakusimama hata siku moja. Miguu miwili ilibaki mkononi mwangu nilipokuwa nampiga msasa. Kwa hiyo, kabla ya kubandika mchoro, tafuta sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, kisha ugeuze mchoro mpaka nyuzi zipite kwa urefu katika sehemu hiyo. Ikiwa sehemu nyembamba ziko kila upande, tumia plaiwudi. Plaiwudi imetengenezwa kwa tabaka zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi za tabaka moja zikikingama nyuzi za tabaka iliyo jirani, kwa hiyo ina nguvu pande zote.

Mchoro hubandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Usipake mwingi, maana plaiwudi ikilowa huvimba. Kazi ikikamilika, karatasi huondolewa kwa msasa.

Ukitaka kukata tundu lililo katikati, toboa kwanza kitobo kwa keekee, ufungue ncha ya juu ya bledi, uipitishe kitoboni, kisha uifunge tena. Matundu ya ndani yatangulie, ukingo wa nje uwe wa mwisho, ili ubao uendelee kuwa mpana na vidole vipate mahali pa kushika mbali na bledi.

Ufikapo kwenye kona kali usisukume. Acha bledi ikate bila kwenda mbele, nawe uuzungushe ubao pale pale, kama askari anayegeuka nyuma bila kuondoka alipo. Ukishamaliza kugeuka, ndipo uendelee na mwendo.

4. TAHADHARI

Mashine hii ni ya upole kuliko nyingine za karakana, na upole huo ndio hatari yake, kwa kuwa mtu huizoea. Yakupasa kuyashika haya:

(a) Vua tai na kunja mikono ya shati kabla ya kuwasha mashine. Mwenye nywele ndefu azifunge nyuma.

(b) Vidole viwe kando ya njia ya bledi, wala visiwe mbele yake hata mara moja.

(c) Vaa miwani ya kazi. Bledi ikikatika, kipande chake huruka.

(d) Vaa barakoa, na ufungue madirisha. Vumbi la mvule huwawasha watu wengi pua na ngozi. Tena mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza vumbi la mbao kuwa miongoni mwa vitu viletavyo saratani. Vumbi ni dogo, lakini mapafu hayana ufagio.

(e) Kitambaa ulichopakia mafuta ya mbegu za kitani usikikunje wala kukirundika pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichorundikwa chaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje mpaka kikauke.

5. RAMANI

Sasa nifike kwenye ramani. Katika miaka ya 1760, mjini London, alikuwako mchora ramani aitwaye John Spilsbury. Yeye alibandika ramani juu ya ubao, akaukata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuvipanga vile vipande. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza: Kidato cha Kwanza wanasumbuka kukariri mikoa yetu, kwa nini tusiwakatie ramani ya namna hiyo? Mwalimu wa Jiografia alilipenda wazo hilo, akasema iwe tayari kwa Siku ya Wazazi. Wanachama wa karakana tukachanga fedha, tukanunua plaiwudi ya milimita 6 na dazeni moja ya bledi namba 5.

Niliichora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 25. Nchi yetu ina upana wa kama kilomita 1,200, kwa hiyo ramani ikawa na karibu sentimita 48. Hapo lilitokea tatizo la kwanza. Kila mashine ina koo, yaani nafasi kutoka kwenye bledi hadi kwenye nguzo ya nyuma. Koo la mashine yetu ni sentimita 40, na ubao uliozidi hapo hugonga nguzo kabla mstari haujafika mwisho. Fundi alinifundisha hila: chagua mpaka mmoja upitao katikati ya nchi, anza kukata kutoka upande wa magharibi mpaka katikati, toa ubao, anza tena kutoka upande wa mashariki, mistari ikutane. Nchi ikipasuliwa mara mbili, kila nusu yaingia katika koo bila shida.

Tatizo la pili lilikuwa visiwa. Kwa kipimo kile mkoa wa Mjini Magharibi ungekuwa mdogo kuliko kifungo cha shati. Kwa hiyo Unguja na Pemba nilizichora upya pembeni, ndani ya kisanduku, kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 8. Hapo Unguja ikapata zaidi ya sentimita 10, na mikoa yake mitatu ikashikika. Mafia na Ukerewe nilizichora tu kwenye ubao wa chini.

Katika ramani ya namna hii kila mstari una wenyewe wawili. Ukikata mpaka wa Dodoma, papo hapo umekata mpaka wa Singida. Mkono ukitetemeka, majirani wote wawili huipata ile alama, lakini bado hukaa pamoja vizuri, kwa sababu tundu la mmoja ndilo pua ya mwenzake. Ndiyo maana vipande vya ramani moja hukatwa katika ubao mmoja. Mwanya anaouacha msumeno ni kama nusu milimita, na jicho haliudhiki.

Nilikata kwa Jumamosi tatu. Nikapiga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, nikapaka rangi. Mwalimu wa Jiografia akaja kuitazama, akanipa mkono mbele ya wenzangu. Zikabaki wiki mbili na nusu kufika Siku ya Wazazi, na bledi mbili ndani ya pakiti.

6. KOSA

Jioni moja aliingia karakana mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetumwa na kiranja wa bweni kuazima nyundo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Macho yake yalikuwa kwenye ramani. Akavigusa vipande kimoja kimoja, akaanza kutafuta upande wa kusini magharibi. Akatafuta sana.

"Kaka, mkoa wetu uko wapi?"

"Mkoa gani?"

"Songwe."

Nikamjibu kama mtu ajuaye, "Ninyi mmo humo humo ndani ya Mbeya." Yeye akakishika kipande cha Mbeya, akakigeuza mkononi, akanyamaza. Kisha akasema kwa adabu, "Kaka, mimi nilizaliwa mkoa wa Mbeya, na sasa kwetu ni mkoa wa Songwe, lakini nyumba yetu haijahama. Sasa wenzangu nitawaonyesha nini hapa?" Akachukua nyundo, akaaga, akaenda zake.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Jiografia nikawasha taa. Ramani ya ukutani niliyoinakili ilikuwa imechapishwa kabla ya mwaka 2012. Nilikuwa nimeipima kwa rula, nimeinakili kwa kaboni, nimeitazama kwa wiki nyingi, wala sikusoma mwaka ulioandikwa kwenye pembe yake ya chini. Mwaka 2012 iliundwa mikoa minne mipya, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Tanzania ina mikoa 31: 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Ramani yangu ilikuwa na 26 kwa jumla.

Wenzangu wa karakana walinishauri niache. Walisema wazazi hawatahesabu, na mwalimu mwenyewe ameshasifu. Nakiri ya kwamba shauri hilo lilinipendeza kwa usiku mzima. Lakini nilipofikiri zaidi, niliona kuwa wazazi watakuja siku moja na kuondoka, na Kidato cha Kwanza watabaki na ramani hiyo. Watahesabu vipande kwa vidole vyao, na mimi ndimi nitakayekuwa nimewafundisha uongo. Karatasi ikikosea hubanduliwa ukutani, lakini ubao waweza kukaa miaka ishirini.

Asubuhi nikamwambia fundi. Hakunikaripia. Alisema tu, "Sifa umekwisha pewa, kazi bado," akanipa penseli.

7. KUTENGENEZA

Mikoa mitatu kati ya ile mitano ilikuwa rahisi kwa akili, ijapokuwa si kwa mkono. Katavi ilitoka ndani ya Rukwa, Njombe ndani ya Iringa, na Songwe ndani ya Mbeya. Kwa hiyo kila kipande cha zamani kilihitaji mstari mmoja tu wa kukipasua. Lakini Geita ilikusanywa kutoka sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, na Simiyu ilitoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza. Hapo kupasua hakutoshi. Ingenibidi kugandisha vipande kwa gundi, na viungo vingeonekana kama makovu.

Fundi akanionyesha njia nyingine. Tuliondoa Mwanza, Shinyanga na Kagera, tukaacha pengo. Chini ya pengo hilo tukalaza kipande cha plaiwudi kilichosalia, nikalichora pengo kwa penseli iliyochongwa ncha kali, nikifuata kingo za mikoa jirani. Mstari wa penseli wenyewe niliuacha ubaki juu ya ubao, nikakata nje yake kidogo, ili nipunguze kwa tupa mpaka kipande kiingie bila kulegea. Kilichozidi hupunguzwa, lakini kilichopungua hakiongezwi. Kisha kipande hicho kikubwa nikakipasua kuwa mikoa mitano: Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga na Simiyu.

Bledi ya kwanza ilikatika katika mpaka wa Geita. Kengele ya kujisomea ilikuwa karibu kulia, nami nikausukuma ubao nipate kumaliza. Sina mwingine wa kumlaumu. Mwenda pole hajikwai, nami sikwenda pole. Bledi ya pili ilimaliza Kanda ya Ziwa, ikakata Katavi, ikakata Njombe. Kufikia hapo ilikuwa imechoka, kwa kuwa gundi iliyomo ndani ya plaiwudi hula makali upesi. Alama za kuungua zikaanza kuonekana kwenye kingo, na moshi mwembamba ukatoka. Hiyo ni dalili ya bledi iliyokwisha. Nikaitoa kabla haijaharibu kazi.

Ikabaki Songwe peke yake, na maduka ya vifaa ya mjini hayakuwa na bledi za namna hiyo. Siku zilizobaki zilikuwa nne. Hapo fundi akakumbuka jambo ambalo napenda kila mpenda ufundi alijue: sonara naye hutumia msumeno mdogo wenye bledi za urefu huo huo, kwa kukatia fedha na dhahabu. Tukaomba ruhusa, tukaenda kwa sonara, akatuuzia bledi mbili kwa bei ya soda moja.

Bledi ya sonara ina meno madogo mno, na katika mbao meno hayo hujaa vumbi upesi. Sikuthubutu kuitumia katika mashine. Niliifunga katika msumeno wa mkono, meno yakielekea mpini. Juu ya meza nikakifunga kwa kibano kipande cha ubao chenye pengo la umbo la V, nikalaza Mbeya juu yake, bledi ikipita ndani ya pengo. Kila baada ya sentimita mbili nilisimama, nikapuliza vumbi, nikaisugua bledi kwa mshumaa ili iteleze. Mstari ule mmoja ulichukua saa moja na robo. Sikusikia kengele ya chakula.

Vipande viwili vikaachana, nikavipiga msasa na kuvipaka rangi.

8. SIKU YA WAZAZI

Siku ilipofika, mwalimu aliwaita watoto wa Kidato cha Kwanza waipange ramani mbele ya wazazi. Nilikuwa nimesimama nyuma, mlangoni. Yule mtoto alikuwa amekwisha kukiona kipande chake juu ya meza, lakini hakukichukua kwanza. Alisubiri mpaka Mbeya ikawekwa. Kisha akakiweka Songwe mahali pake, akakibonyeza kwa kidole gumba, akanitafuta kwa macho.

"Kaka," akasema, "inabana kidogo."

Wazazi wakacheka. Ilikuwa kweli: nilipaka rangi nene kwenye kingo, na rangi nayo ina unene wake. Jioni nilimpa kipande cha msasa namba 220, nikamwonyesha namna ya kukizungushia kijiti ili ukingo usipate mviringo. Akasugua mwenyewe mpaka kikaingia kwa uzito wake bila kusukumwa. Tangu siku ile huja karakana kila Jumamosi, na sasa anakata herufi za jina la dada yake kwa ubao wa mkangazi.

Mimi nitamaliza Kidato cha Nne mwaka huu, na ufunguo wa kabati la misumeno utahitaji mtu wa kuutunza. Anayependa aje Jumamosi. Asije na tai, na kabla ya kunakili mchoro wowote asome kwanza mwaka ulioandikwa kwenye pembe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Karakana ya Mbao